Tulitunze Gari: Injini Nayo Yahitaji Kupumua

Gari linapovuja oili, wengi wetu hukimbilia kubadili sili na gasketi. Fedha hutoka, na baada ya wiki chache oili huvuja tena. Kabla ya kugusa akiba ya karo za watoto, yafaa tuhakikishe kwanza kwamba injini yapumua.

Petroli inapowaka katika silinda, sehemu ndogo ya moshi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka katika karteri, yaani tumbo la injini lenye oili. Moshi huo huchukua mvuke wa maji na petroli isiyoungua. Usipotolewa, huigeuza oili kuwa tope, na msukumo wake huitoa oili nje kupitia sili.

Zamani moshi huo ulitokea chini ya gari kwa bomba lililo wazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vifaru vilivyovuka maji yenye kina vilikuwa hatarini kuingiza maji kwa bomba hilo. Hivyo moshi ukarudishwa ndani ya injini ukaungue upya. Huko Marekani, jimbo la California lilidai mtindo huo kwa magari mapya, ili kupunguza uchafu wa hewa.

Mpira mmoja huleta hewa safi kutoka kwenye kichujio. Mwingine, wenye vali ndogo, hupeleka moshi kwenye njia ya kuvutia hewa. Dereva akikanyaga mafuta kutoka Bujumbura kupanda Bugarama, juu ya meta 2,000, moshi huzidi na mvuto hupungua. Moshi wa ziada hurudi kwenye kichujio. Vali ikiwa imeziba, kichujio hulowa oili.

Kipimo cha injini ya petroli ni hiki: ikiwa imepata moto na inanguruma polepole, gari limefungwa breki ya mkono, fungua taratibu kifuniko cha oili. Jihadhari na feni, mkanda na oili ya moto. Weka karatasi ngumu, pana kuliko tundu. Ikivutwa kidogo, injini yapumua. Ikirushwa juu, safisha mipira na ubadili vali. Ikizidi kurushwa, huenda ringi zimechakaa. Hapo ndipo fundi aifungue injini.

Nanyi mbadili oili kwa wakati wake, kwani tope ndilo huziba vali. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa injini, asiyezibua mpira hulipia injini nzima.