Kuoza Ua la Porini na la Bustanini

Ikiwa wakaa Usevya au popote penye miombo, huenda umepata kuliona ua hili wakati wa mvua: majani yake mithili ya panga, na shina moja lililobeba maua ya rangi ya chungwa na manjano. Wataalamu huliita Gladiolus dalenii. Wengi hulipalilia kama gugu. Kumbe ni mzazi wa gladiola zinazopamba maharusi mijini! Mwaka 1841 Louis van Houtte wa Ghent, Ubelgiji, alianza kuuza chotara aliyetokana na ua hilo la Afrika.

Nawe waweza kujaribu nyumbani. Huna haja ya kung'oa mmea porini. Chavua tu yatosha. (Ndani ya Hifadhi ya Katavi usichume hata hiyo.) Ua la bustanini likikaribia kufunguka, ondoa vishikio vyake vitatu vya chavua, kisha ulifunike kwa kitambaa chepesi. Ncha yake ya kike ikishagawanyika mara tatu, ipake chavua ya porini, ufunike tena.

Hapa sasa ndipo penye fumbo. Gladiola ya bustani kwa kawaida ina kromosomu 60. Ile ya porini yaweza kuwa na 60, lakini wapo wenye 90, na kwa macho huwezi kuwatambua. Kila mzazi hutoa nusu: 30 na 45. Mtoto hupata 75, yaani mafungu matano ya kumi na tano. Mafungu matano hayagawanyiki jozi kwa jozi, na kwa sababu hiyo mtoto huyo aweza kuchanua vizuri sana, lakini mara nyingi hazai mbegu, au huzai chache zisizoota.

Utakuwa umengoja misimu miwili au mitatu tangu kupanda mbegu. Nawajua waliokasirika wakautupa mmea jalalani, nami nasema walikosea. Mgomba wa ndizi tamu nao una mafungu matatu, hauna mbegu, na hakuna aliyewahi kuung'oa kwa kosa hilo. Tunahamisha machipukizi yake tu. Majani ya gladiola yako yakikauka, chimbua taratibu. Chini ya tunguu kubwa utakuta vitunguu vidogo vidogo kama punje za mahindi. Vipande hivyo vyote vitatoa ua lile lile.