Maganda Yarudi Shambani

Ndugu wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira, nawaandikia kuhusu maganda ya viazi, ya ndizi na ya mihogo, vijiti vya sombe na majani ya maharagi: yote tunayoyamwaga kila jioni bila kuwaza yanakokwenda.

Kila saki ya viazi inayoingia soko la Kadutu kutoka Kabare au Walungu imebeba nguvu ya jua iliyonaswa na majani. Tukiila, inatutembeza, inatutia joto, kisha inapotea hewani moja kwa moja. Haina neno, kwa kuwa jua la kesho litaleta nyingine. Lakini ndani ya saki hiyohiyo kuna naitrojeni, fosforasi na potasi zilizotoka udongoni. Fosforasi na potasi hazishuki na jua. Zikihamia mjini mwaka hadi mwaka bila kurudi, mama anayelima kwenye vilima vya Walungu anabaki na udongo uliochoka.

Msitu wa Kahuzi-Biega hauwekewi mbolea na mtu yeyote. Jani linaanguka, mchwa, uyoga na bakteria wanalivunjavunja, mizizi inakivuta tena kile kilichokuwa ndani yake. Wazee wetu vijijini walilijua jambo hili kwa vitendo: maganda, majivu na samadi ya mbuzi vilikwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba. Sisi wa mjini ndio tuliokata njia ya kurudi. Mvua ikinyesha, takataka zetu zinaporomoka hadi mto Kawa, na Kawa unazimwaga katika Ziwa Kivu.

Huenda mtu akauliza: je, si zitalisha sambaza, samaki wetu wadogo? Ni swali zuri, na linatutaka tulitazame ziwa lenyewe. Juu ya maji kuna vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinavyonasa jua. Vijidudu vya majini vinavila, sambaza wanakula vijidudu, nasi tunakula sambaza. Kila hatua inapitisha kama sehemu moja tu kwa kumi ya nguvu. Nyingine imetumika kuishi. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu hivyo.

Ziwa letu lina kina cha mita 485 hivi, lakini hewa ya kupumua samaki haishuki zaidi ya mita 60 na kitu, hata wakati wa kiangazi upepo unapoyakoroga maji ya juu na vijimea kuongezeka. Chini ya hapo maji ni mazito kwa chumvi na gesi. Kinachozama huko kinaoza bila oksijeni, na sehemu yake inageuka metani. Rutuba yake inarudi juu polepole mno. Na kile kisichozama kinaozea pembeni, kikinyonya oksijeni ya maji ambamo sambaza wachanga wanakulia. Basi shamba limepoteza, na mvuvi hajapata.

Plastiki, ambayo hakuna bakteria wa kuimaliza upesi, inaendelea na safari kutoka ziwani hadi mto Ruzizi na kukwamisha mitambo ya umeme ya Ruzizi I. Kisha tunakaa gizani na kulaumiana.

Ombi langu ni kwamba kila parseli iwe na ndoo mbili: moja ya vinavyooza, nyingine ya plastiki, chupa na makopo. Vinavyooza vilundikwe kwa matabaka pamoja na majani makavu, vinyunyiziwe maji kidogo, vifunikwe na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi michache mtapata mbolea nyeusi isiyonuka. Asiye na nafasi, na Kadutu wengi hawana, aungane na majirani wa avenyu yake. Lundo moja la pamoja linatosha, mradi likae mbali na ukingo wa korongo.

Na ninyi wenye magari yanayoleta viazi na ndizi sokoni, mengi yanarudi matupu. Nawasihi mzungumze na wakuu wa avenyu na wakulima mnaowanunulia, mbolea hiyo ipande Kabare na Walungu kwenye masaki yaleyale. Tukianza kiangazi, lundo la kwanza litakuwa tayari wakulima wanapopanda, mvua za Septemba zikirudi.