Mashine Haijui Kiingereza

Kuna maneno yameenea hapa kwetu Akheri, nami nimeyachoka. Eti kijana ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga asijisumbue na undani wa kompyuta. Ajifunze kuchapa barua na kupanga hesabu za duka, apewe cheti chake, aende zake. Mwalimu mmoja wa chuo fulani cha mjini aliniambia hayo uso kwa uso, nilipomweleza kuwa najifunza kuandika programu kwa lugha ya asembli. Alicheka. "Hayo ni mambo ya Wazungu, mzee wangu." Nami nasema huo ni uongo, na unawaibia watoto wetu.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na amri nne tu. Niliiandika katika kompyuta kuukuu, kwa kutumia DEBUG, programu ndogo iliyokuwa ikija pamoja na DOS. Amri ya kwanza inaweka namba 2 katika AH. Hiyo AH ni rejista, yaani kisanduku kidogo ndani ya kichwa cha mashine, chenye nafasi ya namba moja tu kwa wakati mmoja. Amri ya pili inaweka 65 katika kisanduku kingine, DL. Na 65 ndiyo namba ya herufi A. Ya tatu inaiita DOS, nayo ikikuta 2 ndani ya AH inajua imeombwa kuonyesha herufi. Ya nne inasema kazi imekwisha. Herufi A ikatokea kwenye kioo, basi.

Sasa, ndugu msomaji, Kiingereza kiko wapi hapo? Kilichoingia katika mashine ni namba nane: 180, 2, 178, 65, 205, 33, 205, 32. Mimi niliandika MOV, lakini neno hilo haliifikii mashine kamwe. Hugeuzwa kuwa namba kabla kazi haijaanza. Tena neno lenyewe linadanganya. Limefupishwa kutoka neno la Kiingereza la kuhamisha, na hakuna kinachohama! Ukitoa namba rejista moja kuipeleka nyingine, kule ilikotoka inabaki vilevile. Mtoto wa Kimeru aliyekulia kando ya mfereji anajua kwamba maji yakigeuziwa shamba la jirani, kwako panakauka. Mwambie "hamisha", atapotea. Mwambie "nakili", ataelewa papo hapo. Kwa hiyo katika jambo hili Kiswahili chetu kinasema kweli kuliko hilo neno lao.

Wenyewe walijitungia vifupisho vilivyowafaa. Mashine ya EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, ilipewa amri za herufi moja moja: A ya kujumlisha, S ya kutoa. Nani aliyesema sisi tukiweka J na T tutakuwa tumekufuru?

Nitaambiwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuingia katika kompyuta, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi njema, naisifu. Lakini ilitafsiri maneno anayoyaona mtumiaji. Hiyo ni sebule, na mimi nazungumzia jikoni.

Wengine watasema siku hizi ni wachache wanaoandika asembli. Siwabishii. Lakini mtu aliyekwisha kuziona zile namba nane, akabadili 65 kuwa 66 na kuona B ikitokea, hatishwi tena na mashine hiyo wala na mwenye kuiuza. Na wale wanaonikumbusha kuwa vitabu vya Intel ni vya Kiingereza wana haki. Kijana atavihitaji, basi afundishwe Kiingereza barabara, kama somo. Kumzuia asiguse rejista hadi atakapokijua ni sawa na kumnyima jembe hadi ajue jina lake kwa Kijerumani.

Yule mwalimu bado anafundisha, na wanafunzi wake bado wanalipa ada. Mwenye shaka aje Akheri Jumapili mchana, baada ya ibada. Nitampa karatasi yenye namba zile nane na kiti mbele ya kompyuta yangu, umeme ukiwapo.