Takwimu Hazizaliwi Ubaoni

Nimefundisha Jiografia, nikaongoza chuo cha ualimu hadi kustaafu, na sasa nimepita miaka 70. Nitasema bila kuzunguka: tunawapunja vijana wetu. Silabasi ya sekondari ina takwimu, upimaji ardhi na utafiti. Sisi tunayafundisha yote matatu kwa chaki. Mwalimu anaandika jedwali la mvua, wanafunzi wanachora grafu, wanapewa alama. Hakuna anayeuliza nani alipima, wapi, kwa chombo gani.

Wapelekeni kijitoni. Wapime mita 10 kwa kamba, waelekeze limau majini, watazame saa. Wa kwanza atapata sekunde 18, wa pili 20, wa tatu 25. Ubaoni wastani ni 21 na somo limekwisha. Kijitoni ndipo linapoanza: mbona 25? Kumbe limau lilinaswa na majani. Je, tukifute kipimo hicho au turudie? Tena maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, ndiyo maana wapimaji huzidisha kasi hiyo kwa takriban 0.8. Mtoto aliyekwisha kubishana hivyo hamezi tena tarakimu nzima nzima.

Mvua nayo ni vivyo hivyo. Kipimo kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, hata Jumapili. Miezi miwili yaweza kulingana kwa milimita 120, lakini mmoja ulinyesha yote kwa siku mbili, mwingine kwa siku 12. Jumla haioni tofauti; mahindi yanaiona.

Nayajua majibu yenu. Fedha hakuna, darasa lina watoto 80. Kamba na limau haviombi bajeti, na makundi 10 yatatoa vipimo 10, ambavyo ni bora kuliko kimoja. Wengine wanangoja kompyuta. Kompyuta hujumlisha uongo kwa wepesi uleule inaojumlisha ukweli.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Kesho vijana hawa ndio watakaotumia tarakimu za namna hiyo kuamua zahanati ijengwe wapi. Aliyewahi kubisha hodi nyumba kwa nyumba na hojaji mkononi anajua jinsi jibu linavyopatikana, na jinsi linavyofichwa.

Basi wakaguzi, au wathibiti ubora kama mnavyoitwa siku hizi, mkifika shuleni msiishie kwenye maandalio ya masomo. Ulizeni: daftari la mvua liko wapi?