Kigari cha moshi cha kale kisimfikie mtoto

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wanaokusanya vigari vya moshi vya mfano, vinavyoiga magari ya mvuke ya mwanzo kama Rocket iliyoshinda mashindano ya Rainhill, Uingereza, mwaka 1829. Ni burudani njema, nayo hutuliza akili. Lakini kabla ya kumpa mtoto achezee, chunguza rangi yake.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo katika vitu vya kuchezea mwaka 1978. Kigari kilichopakwa kabla ya hapo huenda kina sumu hiyo. Rangi ikibambuka, chembe zake hushika vidoleni, na vidole vya mtoto haviishi kutiwa kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii huathiri ubongo wa mtoto, na madhara yake huenda yasirekebishike kamwe.

Kwa maoni yangu, kumrithisha mtoto kigari hicho akichezee si wema. Usikipige msasa. Kiweke ndani ya kabati la kioo, nawa mikono kwa sabuni kila ukikishika, na mtoto akitazame tu.