Hereni za saluni na kalenda ya Karagita

Umesema kweli, ndugu mwandishi, kwamba saluni ni mahali pazuri pa kuuzia hereni na bangili, ila umesahau kalenda yetu. Hapa Karagita wateja wengi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, na pesa huonekana mwisho wa mwezi. Tarehe 20 hata hereni za shanga za shilingi 100 hazitoki. Mzigo mkubwa mimi hupeleka saluni mwishoni mwa Februari, baada ya pilikapilika za maua ya Valentine, ovataimu ikishalipwa.

Mahali napo pana maana. Bangili nazitundika kwenye kadibodi kando ya kioo, maana anayesukwa hukaa pale saa nzima na zaidi akijitazama. Kwenye duka la unga na sukari mtu ana haraka. Msusi akizivaa mwenyewe, ndio kabisa! Kulabu za hereni ziwe zisizoshika kutu, kwani mteja akiwashwa masikio harudi.

Mali kauli, yaani mzigo ninaomwachia msusi anilipe akishauza, iandikwe daftarini, idadi na bei, na kila mmoja abaki na nakala. Wasusi wetu, tuuzieni, lakini tafadhali msiwakopeshe wateja mali isiyo yenu.