Gurudumu Moja Likichemka, Usianze na Dereva

Wasee, kuna sentensi moja huniudhi kila lori likianguka: "breki zilifeli." Tunaisema kana kwamba breki ni mvua, inakuja ikijiskia. Zii. Mara nyingi breki ya lori husema mapema kwamba iko na shida. Husema kwa harufu, kwa moshi, kwa drami moja iliyo moto kuliko zingine. Na sisi tukiiskia tuko na majibu mawili tu: dereva anaambiwa hajui kukanyaga breki, ama tanboi anaambiwa mwaga maji twende.

Msimamo wangu ni huu: gurudumu moja likichemka na mengine yako sawa, swali la kwanza si nani alikuwa kwa usukani. Swali ni: hilo gurudumu liko na nini ambacho mengine hayana?

Fikiria tu. Pedali ni moja. Kompresa ni moja. Mguu wa dereva ni mmoja, na upepo anaotuma unaenda kwa magurudumu yote. Kama amekalia breki kutoka Rironi hadi Mai Mahiu bila kushusha gea, utapata breki zimepata moto pande zote. Hapo sawa, mwongeleshe. Lakini kama upande wa kushoto unachoma na mwenzake wa kulia kwa ekseli hiyo hiyo umepoa, ushahidi uko huko chini, hauko kwa kabini.

Fundi anayejua kazi hamwagi maji. Drami ikiwa moto sana ukiimwagia maji baridi inaweza kupasuka. Anaiacha ipoe, anaegesha mahali tambarare, anaweka vizuizi kwa magurudumu mengine, anajaza upepo, anaachilia handibreki. Kisha anainua lile gurudumu kwa jeki, anaweka stendi, analizungusha kwa mkono.

Likigoma, anaanza kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Analegeza paipu ya breki ya kawaida kwa busta, si ile ya handibreki. Upepo ukitoka na gurudumu likaachilia, basi upepo ulikuwa umenaswa. Valvu mara nyingi huhudumia pande zote mbili za ekseli, kwa hivyo upande mmoja ukikwama peke yake, shuku paipu kwanza: inaweza kuwa imeziba kwa ndani na nje inakaa poa kabisa.

Hakuna upepo ulionaswa? Angalia kile chuma kinachotoka kwa busta. Kama hakijarudi vizuri, huenda springi ya kukirudisha imevunjika, ama upepo wa handibreki unavuja na ile springi kubwa inashika nusunusu, ama bushi zimekauka. Kama kimerudi, legeza slaki ajasta. Gurudumu likiachilia, ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Likizidi kushika, shida iko ndani ya drami, ama ni beringi. Na tafadhali, busta yenye springi ya handibreki haifunguliwi kienyeji. Hiyo springi imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu.

Sasa kuna hii kitu ambayo wengi hawaifikirii. Gurudumu linaweza kuzunguka huru kabisa kwa jeki, na bado barabarani linachemka. Hapo, nenda uangalie yale baridi. Inawezekana hilo la moto ndilo linashika breki kwa niaba ya wengine wote waliolegea. Kanyaga breki, pima hicho chuma kinatoka umbali gani. Kwa busta ya kawaida ya saizi ya 30, kikipita inchi 2 breki hiyo imelegea. Mgonjwa ni yule aliyepoa, na wewe ulikuwa unataka kufuta kazi mtu anayebeba ofisi nzima.

Ndio maana ile njia ya mkato ya kuziba paipu ya busta "tutatengeneza tukifika" hunikasirisha. Mzigo haujapungua hata kilo moja. Umetoa breki moja, lori litavutwa upande mmoja ukikanyaga, na breki zilizobaki zitapata joto zaidi. Drami ikipata joto inapanuka, inaenda mbali na laini, kwa hivyo chuma cha busta kinasafiri zaidi na breki inashika kidogo. Jua hilo halafu ushuke Sachangwan kuelekea Salgaa.

Najua mtaniambia madereva pia hukosea. Ni kweli, kuna wanaoweka lori niutro kwa mteremko ili kuokoa mafuta, na huo ni ujinga. Lakini kosa hilo halichagui gurudumu moja. Na mtasema mwenye lori ana haraka, mzigo unangojwa Malaba. Sawa, lakini anayesukumwa aendelee na safari si yeye aliyekalia kiti, na ikiharibika jina litakaloandikwa kwa OB ni la dereva.

Ukaguzi wa NTSA kwa magari ya biashara ni mara moja kwa mwaka. Siku zingine zote ni za dereva, tanboi na mwenye gari. Foleni ya mizani pale Mlolongo au Gilgil inatosha kuzunguka lori lote. Bunduki ya kupima joto ya mafundi ndiyo poa zaidi (ile ya Korona ya paji la uso haiwezi joto la drami). Kama huna, sogeza mgongo wa mkono karibu bila kugusa, linganisha kushoto na kulia. Ukipata tofauti kubwa, simama. Mwenye lori alipe hayo masaa, juu ni lori lake.

Kama mzee wako ama bro wako anaendesha lori, mtumie hii. Na kama mzee wako ndiye mwenye lori, mtumie mara mbili.